Neno "yet" na mazoea ya kulifasiri kuwa "bado"

Katika kazi yangu ya kufasiri na kuhariri tafsiri za wengine, neno dogo la Kiingereza ninalolazimika kulirudia mara kwa mara ni "yet". Mfasiri chipukizi akilikuta huandika "bado" na kusonga mbele, na mara nyingi sentensi hukubali. Ninachokihofia ni zile mara chache ambapo haikubali, kwa sababu hapo maana huweza kupinduka bila msomaji kushtuka.

Msingi wa neno hili ni matarajio. Mwingereza anaposema "She has not arrived yet", hasemi tu kwamba mtu hayupo, bali pia kwamba anangojewa. Kiswahili hubeba matarajio hayo ndani ya kitenzi chenyewe, kwa kiambishi -ja-. Anayesema "sikula" ametoa habari ya wakati uliokwisha pita, ilhali anayesema "sijala" anakuambia kwamba chakula angali anakingojea. Kwa hiyo "hajafika" peke yake inatosha kabisa kuwa tafsiri ya sentensi ile, na "bado" ikiongezwa huwa ni ya kutia mkazo. Katika swali, "Has she arrived yet?" ni "Ameshafika?", kwa kuwa ukiuliza "Bado hajafika?" umeingiza mshangao au kukosa subira ambako muulizaji wa Kiingereza hakuwa nako. Wamarekani wengi katika mazungumzo husema "Did she arrive yet?", na maana haibadiliki.

Kuna tofauti nyingine ambayo huwaponza wanaojifunza Kiingereza. Sisi tukiulizwa kama kazi imekwisha, hujibu "Bado", na ukanusho unaeleweka humo humo. Kiingereza hakiruhusu jibu la "Yet" pekee. Ni lazima useme "Not yet".

Mtego mkubwa kuliko yote ni muundo wa "have yet to", ambao una umbo la kukubali lakini maana yake ni ya kukanusha. Nilipata kupitia tafsiri ya barua iliyokuwa na maneno "We have yet to receive your documents", na mfasiri alikuwa ameandika "Tumepokea hati zako". Alitafuta "not" katika sentensi, hakuiona, akaamini kwamba jambo limetimia. Tafsiri sahihi ni "Hatujapokea hati zako", na mwenye barua ile, kama ingemfikia ilivyokuwa, angekaa akistarehe huku hati zake zikiendelea kungojewa.

Zamani "yet" ilitumika pia sana kwa maana ambayo leo kwa kawaida hubebwa na "still", yaani jambo linaloendelea. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inasema juu ya mwana mpotevu, "when he was yet a great way off", na Biblia yetu ya Union inasema "alipokuwa angali mbali". Biblia hizo hizo, katika Yohana 2:4, zina "mine hour is not yet come" na "saa yangu haijawadia". Ni "yet" mbili na tafsiri mbili za Kiswahili safi, na hakuna hata moja iliyohitaji "bado". Mifano hii miwili huwaonyesha wanafunzi wangu mengi kuliko maelezo yangu ya saa nzima.

"Yet" ya kuunganisha sentensi ina uzito kuliko "but", kwa sababu hudokeza kwamba kilichofuata hakikutazamiwa. "He was warned, yet he went" ukiifasiri kwa "lakini" hujakosea, ila umepoteza ule mshangao. Mimi huandika "Alionywa, na bado akaenda". Matumizi mengine hayana tabu: "yet another problem" ni "tatizo jingine tena", na "her best work yet" ni "kazi yake bora kuliko zote hadi sasa".

Inabaki "She may yet come", isiyo na ukanusho wala swali, inayosemwa na mtu ambaye hajakata tamaa ingawa muda umekwenda. Hapo kiambishi -ja- hakina nafasi, na "bado" inastahili kuandikwa wazi: "Bado anaweza kuja".