Je, wajua? Kampuni inaweza kulilipa jimbo mabilioni na bado isiwe imekiri kosa

Zamani nikisikia kampuni kubwa ya Marekani "imemalizana" na jimbo nje ya mahakama nilikuwa nasema basi, mwizi kakamatwa. Kumbe sivyo. Mikataba mingi ya hivi ina mstari kabisa kwamba tunalipa ila hatukubali kosa lolote, na sio mapambo, maana ukikiri huku kesho wengine wanakuja na kesi zao wameshika maneno yako mkononi.

Tena cheki hii. 2019 jaji wa jimbo la Oklahoma aliiamuru kampuni ya dawa Johnson & Johnson ilipe dola milioni 465 kwa ajili ya janga la opioidi, zile dawa kali za maumivu. Wakakata rufaa, Novemba 2021 mahakama ya juu ya jimbo ikafuta yote, wameshinda! Halafu Februari 2022 kampuni hiyohiyo ikakamilisha dili na majimbo kibao, hadi dola bilioni 5. Mshindi ndo analipa. Hapo nikaelewa kwamba nilikuwa nauliza swali lisilo lenyewe: sio nani ana kosa, ni kwanini alipe.

Chukulia mbuzi wako wanadaiwa kula mahindi ya majirani 50. Pengine ni wako, pengine sio. Ukienda barazani na mmoja mmoja unaweza kushinda mara 45, ila hao watano waliobaki mmoja anaweza kudai zizi zima, na kila baraza wanataka kuingia kwako kupekua, wakikuta hata kamba iliyokatika, jirani anayefuata anaanzia hapohapo. Na wakati wote huo hakuna anayekukopesha, nani ajue kesho utabaki na mbuzi wangapi? Kwahiyo unawakalisha wote: nitatoa kiasi hiki kila mwaka, yaishe. Unachonunua hapo ni usingizi. (Kila kampuni ilipiga hesabu gani hasa, hayo yanabaki kwa mawakili wake, tunachoona nje ni dili lenyewe.)

Watu wa kampuni za sigara ndo walifanya hivyo. Jimbo la Mississippi lilianza kuwashtaki 1994, mwanasheria wake mkuu Mike Moore akasema jimbo limechoka kulipia matibabu ya wavutaji. Majimbo manne yakamalizana nao kivyake, kisha Novemba 1998 kampuni nne kubwa zikakubaliana na majimbo 46 kwa mpigo, kama dola bilioni 206 kwa miaka 25 ya mwanzo, na malipo hayana tarehe ya mwisho.

Sasa utamu wenyewe: malipo yanapanda na kushuka kulingana na sigara zinazouzwa. Majimbo kadhaa yakaona mbona tusubiri, yakauza hatifungani, yaani yakakopa kwa watu, kwa dhamana ya hela hizo za baadaye. Yaani jimbo linabandika matangazo watu waache sigara, huku waliolikopesha wakiomba wasiache haraka sana.