Jicho la mzoefu: maana yake na linavyofanya kazi

Jicho la mzoefu ni uwezo wa kukitambua kitu upesi na kwa undani, unaotokana na kukiona mara nyingi huku ukijifunza kukipambanua na vinavyofanana nacho. Si macho makali. Mbele ya ubao wa herufi wa kupimia macho, mzoefu anaweza asimzidi mtu yeyote. Kilichobadilika ni namna ubongo unavyochagua jicho litue wapi, na unavyoyafunga yale yanayoonekana katika mafungu.

Sehemu ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) inayoona kwa ukali kabisa hukamata takriban nyuzi 2 tu, sawa na upana wa kidole gumba mkono ukiwa umenyooshwa. Ndiyo maana jicho huruka kama mara 3 kwa sekunde. Asiye mzoefu huvutwa na chochote kinachong'aa. Mzoefu hushika kwanza sura ya jumla kwa pembe za macho, kisha huruka moja kwa moja hadi palipo na shaka. Mwaka 1975 watafiti Kundel na Nodine waliwaonyesha madaktari wa radiolojia, wanaosoma picha za eksirei, picha za kifua kwa sehemu ya tano ya sekunde, muda usiotosha hata kuhamisha jicho. Walitambua takriban 70% ya picha zenye kasoro.

Kufunga pamoja kunaonekana wazi katika sataranji. Watafiti Chase na Simon, mwaka 1973, walionyesha ubao wa mchezo halisi kwa sekunde 5. Bingwa aliweza kurudisha mahali pake kete kama 16, mwanagenzi kama 4. Kete zilipopangwa ovyo, ubingwa haukusaidia kitu: bingwa huona mafungu ya kete anayoyafahamu, na mafungu yakivunjwa hana cha kushika.

Hata jina linalokuja kwanza hubadilika. Wengi wetu husema "ndege" kabla ya kufikia aina yake; mtaalamu wa ndege huitaja aina upesi sawa na anavyosema "ndege".

Kisa cha gorila husimuliwa nusu, nacho kinastahili kusimuliwa chote. Mwaka 2013 watafiti walipachika picha ya gorila katika picha za CT za mapafu (eksirei za vipande vipande vya mwili), ikiwa kubwa mara 48 kuliko kinundu cha kawaida, yaani kivimbe kidogo walichotakiwa kukitafuta. Madaktari 20 kati ya 24 hawakuiona, ingawa zaidi ya nusu ya hao 20 macho yao yalitua papo hapo. Lakini watu wasio madaktari waliopewa kazi hiyohiyo hawakuiona hata mmoja. Uzoefu haukuwapofusha madaktari. Haukutosha tu kuwakinga, kwa kuwa walikuwa wakitafuta vinundu.

Kwa anayefundisha, cha kwanza ni kujua kosa limetokea wapi. Jicho likiwa halikufika kabisa, mpe mwanafunzi njia maalumu ya kupitia picha, na aimalize hata baada ya kupata kasoro ya kwanza, maana hapo ndipo wengi huacha kutafuta. Likifika lakini lisitambue, ongeza mifano inayokaribiana, na jibu litolewe papo hapo. Likikaa muda mrefu na bado uamuzi ukakosewa, tatizo ni kipimo cha uamuzi, yaani dalili kiasi gani zinatosha kusema ni kasoro; msomaji wa pili husaidia zaidi hapo.

Wala si kila uzoefu hudai miaka. Katika utafiti wa Biederman na Shiffrar wa mwaka 1987 kuhusu kutofautisha vifaranga wa kike na wa kiume kwa picha, wageni walipanda kutoka takriban 60% hadi 84% baada ya maelekezo mafupi: tazama hapa, tafuta umbo hili.