"Dokta, presha yangu ni ya mawazo tu"

Ninahudumia kliniki ya presha na kisukari, na wiki haiishi bila kuisikia kauli hiyo. Anayeisema huwa hana wasiwasi. Anachomaanisha ni kwamba presha hasa hana. Ana mambo yake ya nyumbani, yakiisha na presha itakwisha, kwa hiyo dawa atakunywa siku kichwa kikigonga. Baadhi yao naletewa na ndugu zao miezi kadhaa baadaye, mdomo umepinda na mkono mmoja haunyanyuki. Nimeeleza kwa mdomo hadi nimechoka, sasa naandika.

"Ni ya mawazo tu"

Watu wanachanganya mambo mawili. La kwanza ni presha kupanda na kushuka. Ukigombana na mwenye nyumba au ukipigiwa simu ya msiba, ubongo unaziamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage homoni ya adrenalini. Moyo unakwenda mbio, mishipa inabana, presha inapanda. Jambo likipita, inashuka. Hiyo kila binadamu anayo na haihitaji kidonge. La pili ni presha inayobaki juu hata ukiwa umetulia: umepimwa siku tofauti, umekaa, umepumzika, na mashine bado inasoma 140/90 au zaidi. Huo ndio ugonjwa tunaouandika kwenye kadi yako.

Mawazo yanahusika? Yanahusika sana, na siwaungi mkono wenzangu wanaomcheka mgonjwa anapoyataja. Mwaka 2004 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi 52, Afrika ikiwemo, ukilinganisha watu waliopata shambulio la moyo kwa mara ya kwanza na wasiolipata. Waliosema wameishi na msongo wa kudumu, kazini au nyumbani, walikuwa na uwezekano wa takriban mara 2 wa kuwa miongoni mwa waliougua. Hilo si jambo dogo.

Lakini angalia linavyotokea. Chukua mtu ambaye shida yake haipiti: mkopo wa kausha damu wenye marejesho ya kila siku, kodi ya chumba inayodaiwa, mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa mchango wa shule. Leo yuko hivyo, na mwezi ujao atakuwa hivyo hivyo. Mwili wake haupati nafasi ya kushusha zile homoni. Mishipa inaendelea kubanwa, kotisoli, homoni nyingine ya msongo, inakaa juu, figo zinashikilia chumvi na maji. Miaka inakwenda. Kuta za mishipa midogo zinanenepa, mishipa mikubwa inakakamaa, na msuli wa moyo upande wa kushoto unanenepa kwa kusukuma damu dhidi ya ukaidi huo. Bruce McEwen, mwanasayansi Mmarekani aliyezichunguza homoni hizi kwa miaka mingi, aliueleza uchakavu huo mwaka 1993: mwili unaojilinda bila kupumzika unajilipisha gharama, na gharama inalimbikizwa.

Kwa hiyo tukubaliane kwamba mawazo ndiyo yaliyoianzisha presha yako. Mshipa uliokwisha kunenepa hautakonda siku mkopo utakapokwisha. Damu inayoupasua mshipa wa ubongo haitauliza kwanza kama presha ililetwa na chumvi, na ukoo, au na mume asiyerudi nyumbani. Asili ya presha ni jambo muhimu kwangu ninapopanga namna ya kukusaidia. Kwa figo zako haina tofauti yoyote.

"Lakini naisikia ikipanda, Dokta." Huisikii. Wengi wenye presha hawana dalili yoyote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana presha ya juu, theluthi mbili wakiishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na karibu nusu ya wote hawajui kama wanayo. Wangekuwa wanaisikia, wangejua. Kichwa kinachokugonga jioni huenda ni uchovu, njaa, jua au macho. Na ukikimeza kidonge siku ya kichwa peke yake, hujatibu chochote: amlodipini, dawa ya presha ambayo wengi wenu mnaitumia, inahitaji takriban wiki nzima ya kumeza kila siku ndipo ifikie nguvu yake kamili.

Anayeamini kwa dhati kwamba yake ni ya mawazo, nampa njia ya kuthibitisha, maana nina ugomvi wa siku nyingi na upimaji wa haraka haraka. Mtu anashuka daladala, anapanda ngazi, anafungwa mkanda juu ya sweta huku akiongea na simu, kisha anaambiwa ana 170. Hicho si kipimo. Pima hivi: dakika 5 umekaa kimya, mgongo umeegemea, miguu yote miwili iko sakafuni bila kupishana, mkono usiofunikwa na nguo umeulaza mezani kwenye kimo cha moyo, kibofu hakijajaa, na nusu saa kabla hukunywa kahawa wala kuvuta sigara. Rudia mara mbili. Kama kuna mashine nyumbani, au jirani anayo, pima asubuhi na jioni kwa wiki moja na uandike. Ikibaki chini ya 135/85 katika mapumziko ya nyumbani kwako, tutakuwa na mazungumzo mengine kabisa. Ikibaki juu, nakuomba tuache kubishana uanze dawa, uiweke karibu na mswaki, umeze kila asubuhi ukimaliza kupiga mswaki. Na chumvi ya kunyunyizia mezani uiache leo. Kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima ndicho kikomo, pamoja na iliyomo kwenye mkate na dagaa wa chumvi.

"Hayo ni magonjwa ya wakubwa"

Hii inanisumbua kwa sababu anayeisema mara nyingi ni mlinzi wa usiku au dereva wa bodaboda, na anaisema akiwa na presha ya 180. Anaamini kwamba mawazo mazito anayo bosi, mwenye mikutano na magari, na kwamba mtu wa chini huponea kwenye umaskini wake.

Uingereza walilipima. Kuanzia mwaka 1967 waliwafuatilia wanaume wapatao 18,000, watumishi wa serikali mjini London. Wote walikuwa na mshahara, kazi za ndani, na matibabu yanayogharamiwa na serikali. Hakuna aliyelala njaa. Hata hivyo wa ngazi ya chini kabisa, matarishi na wangoja milango, walikufa kwa ugonjwa wa moyo kwa kiwango cha takriban mara 3 ya wakuu waliokuwa juu kabisa. Na haikuwa juu na chini tu: kila ngazi ilikuwa na hali mbaya kuliko iliyo juu yake. Uvutaji sigara, presha na lehemu (mafuta ya kwenye damu) vilipohesabiwa, vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Michael Marmot, mtafiti wa afya wa huko Uingereza, na wenzake walianza utafiti wa pili mwaka 1985, safari hii na wanawake pia, watu zaidi ya 10,000, na jambo moja lililojitokeza ni uamuzi. Mtu asiyekuwa na kauli juu ya kazi yake, anayepangiwa saa, kasi na namna, moyo wake ulikuwa hatarini zaidi kuliko wa mwenye majukumu makubwa lakini anajiamulia.

Hata nyani wa Masai Mara wameonyesha kitu cha jinsi hiyo. Robert Sapolsky, mwanasayansi Mmarekani, alianza kuwachunguza huko Kenya mwishoni mwa miaka ya 1970, na akakuta kwamba kundi likishatulia na kila mmoja kujua nafasi yake, madume wa chini ndio wanaokaa na kotisoli nyingi hata wakiwa wamepumzika.

Na hapa kwetu Tanzania? Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vifo vya watu wazima vilifuatiliwa katika sehemu za Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini. Morogoro Vijijini, kwa wakulima wa jembe la mkono, kiharusi kiliua watu wa miaka 15 hadi 64 kwa kiwango cha zaidi ya mara 3 ya kile cha Uingereza na Wales. Presha isiyotibiwa ndiyo iliyoshukiwa kwanza. Mkubwa naye anaugua presha, sikatai. Tofauti ni kwamba yeye anapimwa mapema, ananunua dawa mwezi mzima, na akiambiwa apumzike ana pa kupumzikia.

"Vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo"

Vingi vinaletwa na bakteria, *Helicobacter pylori*. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuugundua ukweli huo. Sababu ya pili ni dawa za maumivu, hasa diklofenaki ambazo watu wanazimeza kila siku kwa ajili ya mgongo, na ambazo, mjue, hupandisha presha pia. Bakteria huyo huingia zaidi utotoni, katika nyumba zenye msongamano na maji yasiyo salama, kwa hiyo ugumu wa maisha umo, ila kwa mlango tofauti na mnaoudhani. Mawazo yanaweza kuzidisha maumivu, lakini maziwa na kutulia haviui bakteria. Pima, kisha maliza dozi yote.

"Msiba uliniletea sukari"

Homoni za mshtuko hupandisha sukari, ni kweli. Lakini kisukari cha ukubwani hujijenga kwa miaka. Msiba uliisukuma sukari iliyokuwa tayari mpakani, au ulikufikisha hospitali kwa sababu nyingine ukapimwa. Ukoo wako wakapime nao.

"Amepata saratani kwa kuweka mambo moyoni"

Hapana. Watafiti wa Ulaya waliunganisha taarifa za watu zaidi ya 116,000 na mwaka 2013 wakaripoti kwamba msongo wa kazi haukuhusiana na saratani ya utumbo mpana, mapafu, matiti wala tezi dume. Mgonjwa wa saratani ana mzigo wa kutosha. Msimwongezee lawama kwamba alijiletea mwenyewe kwa kunyamaza.

"Nipe cha kunituliza, nitapona"

Diazepamu, dawa ya kutuliza mnayoiomba, si dawa ya presha. Inaleta usingizi, na ukiizoea inakuwa tatizo la pili. Na ninyi ndugu mnaomsindikiza mgonjwa, acheni kumwambia "acha mawazo". Mtu mwenye marejesho ya kesho asubuhi hawezi kuyaacha kwa kuambiwa. Mwulizeni anadaiwa na nani, na nani atakaa na watoto siku ya kliniki.

Mimi mwenyewe huuliza: unalala saa ngapi, hela ya dawa anashika nani, siku ya kliniki inagongana na nini. Wengi hukwepa kujibu kwa aibu, nami nabaki kumwandikia dawa tatu mtu ambaye hana uwezo wa kununua hata moja. Sema. Zipo dawa za bei nafuu za kidonge kimoja kwa siku. Kama zamu zako hazikuruhusu kuja kila mwezi na presha imetulia, naweza kukuandikia za miezi miwili au mitatu. Na kama huzuni imekukalia zaidi ya wiki mbili, huli, hulali, huoni faida ya kuamka, sema hilo pia, siku hiyo hiyo nikuandikie uende kitengo cha afya ya akili, huku dawa za presha zikiendelea.