Kusoma Uandishi wa Kiufundi kwa Mtandao: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa Ada

Uandishi wa kiufundi ni kazi ya kuandika maelezo yanayomwezesha mtu kutenda: kufunga pampu ya maji, kuchanganya dawa ya mifugo, kujaza fomu ya mkopo, kutumia programu ya malipo. Vyuo vya nje na vya hapa Afrika Mashariki vinaufundisha kwa mtandao, na wanaojisajili ni watu wa kila namna: wauguzi, maafisa wa miradi, mafundi wa kompyuta, walimu, watafsiri. Wengi huingia wakidhani ni kozi ya Kiingereza. Lakini kinachowaangusha wanafunzi si sarufi. Wanaangushwa na kuandika insha pale walipoombwa maelekezo.

Kwanza hadhi ya chuo. Kwa Tanzania, vyuo vikuu vinasimamiwa na TCU, na vyeti na stashahada za vyuo vya kati na vya ufundi vinasimamiwa na NACTVET. Kwa Kenya, vyuo vikuu vinasimamiwa na CUE. Kama chuo kiko nje ya nchi, uliza mamlaka ya kwako iwapo tuzo yake inatambuliwa, na uulize kabla ya kulipa. Kisha mwandikie msajili wa chuo barua pepe yenye maswali mawili: kozi ina krediti ngapi (vipimo vya uzito wa somo vinavyohesabiwa kuelekea tuzo), na je, krediti hizo zinahamishika kwenda chuo kingine? Cheti cha kuhudhuria na krediti ni vitu viwili tofauti, ingawa matangazo hupenda kuviweka kwenye kapu moja. Ambaye bado hana uhakika kama kazi hii inamfaa aanze na kozi za uandishi wa kiufundi ambazo Google imeziweka wazi bila malipo. Hazina krediti za chuo, lakini mazoezi yake ni mazuri, na ukiona yanakuchosha umejua hilo bila kutoa hata shilingi.

Halafu piga hesabu ya muda. Kozi ya krediti 3 katika chuo cha Marekani hukadiriwa kwa saa 3 za darasa na saa 6 za kujisomea kila wiki kwa wiki 15, yaani saa 135. Kozi hiyohiyo ikibanwa katika wiki 8, kama vyuo vingi vinavyofanya mtandaoni, unahitaji takriban saa 17 kwa wiki. Kwa mtu mwenye ajira na familia, hizo ni saa 2 kila jioni na karibu Jumamosi nzima. Tanzania hesabu ni nyingine: krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, kwa hiyo moduli ya krediti 12 ni saa 120. Usilinganishe krediti za huku na za kule kwa namba tu.

Tarehe za mwisho nazo zina mtego wake. Kazi inayotakiwa Jumapili saa 23:59 kwa saa za New York, huku kwetu ni Jumatatu asubuhi: saa 1:59 wakati wa majira yao ya baridi, na saa 12:59 wakati wa majira yao ya joto. Wamarekani husogeza saa zao Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Ya Novemba inakuongezea saa nzima. Ya Machi inakunyang'anya, na ndiyo inayowakuta watu wakiwa bado wanapanga picha. Nenda kwenye wasifu wako ndani ya Moodle au mfumo wowote wa chuo, yaani tovuti ya masomo unakopokea na kuwasilisha kazi, weka ukanda wa saa wa Afrika Mashariki, kisha hakiki kama tarehe zinazoonekana zimebadilika.

Kuhusu bando: kipindi cha saa moja kwa Zoom chenye picha za washiriki kinaweza kula kama GB 1. Ukizima picha ukabaki na sauti, matumizi hayafiki MB 100. Nyaraka za kusoma ni nyepesi. Zipakue zote wiki ya kwanza ili umeme au mtandao ukikatika uendelee. Simu janja inatosha kusomea na kuchangia mijadala. Kuandikia haitoshi, kwa sababu mitindo ya vichwa, majedwali na yaliyomo ya kujitengeneza yenyewe yanahitaji kompyuta.

Tukija kwenye kazi zenyewe, kwa kawaida utaandika barua fupi za kiofisi, fasili, maelezo ya kifaa, ripoti na seti ya maelekezo. Maelekezo ndiyo roho ya kozi. Tuchukue jambo ambalo kila nyumba inalijua, kuchanganya ORS, unga wa chumvi na sukari anaochanganyiwa maji mtu anayeharisha. Mwanafunzi mgeni huandika hivi:

"Kabla ya matumizi inapaswa kuhakikishwa kuwa unga umechanganywa vizuri na maji safi na salama ya kutosha, na mchanganyiko unaweza kutumika hadi saa 24 ambapo baada ya hapo haufai, na ni vyema mikono iwe imeoshwa."

Hakuna kosa la sarufi hapo, ila mama mwenye mtoto anayeharisha hawezi kuifuata. Nani ahakikishe? Maji ya kutosha ni kiasi gani? Mikono imekuja mwisho, wakati unga umeshamwagwa. Na "hadi saa 24" inaweza kusomwa kuwa ni saa sita usiku. Mkufunzi atakachotaka kinakaribia hivi:

Kuchanganya ORS (pakiti ya lita 1)
Unahitaji: pakiti 1, maji ya kunywa yaliyochemshwa na kupoa, kipimo cha lita 1, chombo safi chenye mfuniko, kijiko safi.
1. Nawa mikono kwa sabuni.
ONYO: Usipunguze maji. Maji yakipungua, chumvi inazidi na inaweza kumdhuru mtoto.
2. Pima lita 1 ya maji. Kama huna kipimo, tumia chupa 2 za maji za mililita 500 zilizojaa.
3. Mimina maji kwenye chombo.
4. Mimina unga wote wa pakiti kwenye maji.
5. Koroga hadi unga wote uyeyuke.
6. Andika kwenye chombo saa uliyochanganya. Zikipita saa 24 tangu hapo, mwaga kilichobaki na uchanganye upya.

Angalia ukubwa wa pakiti ulivyowekwa kwenye kichwa. Zipo pakiti za ORS za lita 1, na zipo za mililita 500 na 200. Mwandishi asiyeisoma pakiti aliyonayo mkononi ataandika maelekezo ya pakiti nyingine. Angalia pia onyo: limekaa kabla ya hatua linayoihusu, na limetaja sababu. Onyo lililowekwa baada ya hatua humkuta msomaji ameshakosea. Katika mfumo wa ANSI, taasisi ya viwango ya Marekani, maneno ya ishara, yaani yale yanayotangulia onyo, yana ngazi. HATARI ni pale mtu atakapokufa au kujeruhiwa vibaya asipojihadhari, ONYO ni pale linapoweza kutokea hilo, na TAHADHARI ni kwa majeraha madogo au ya wastani. Mwanafunzi anayeandika HATARI kila mahali anapoteza alama kwa haki, maana msomaji akishaizoea haioni tena.

Vitabu vya kozi vitakupa kikomo cha urefu wa sentensi. Kinachotajwa sana kinatoka kwenye kanuni za Kiingereza chepesi cha sekta ya ndege, ASD-STE100: maneno yasizidi 20 katika sentensi ya maelekezo na 25 katika sentensi ya maelezo. Ukiandika Kiswahili, usikichukue kikomo hicho kama kilivyo. Neno "hutakifungua" limebeba mtenda, ukanushi, wakati na kitu kinachotendwa, vyote kwa pamoja. Sentensi ya Kiswahili yenye maneno 20 tayari ni nzito. Kwa maelekezo, 12 hadi 15 yanatosha.

Kiswahili kina mtego mwingine ambao mkufunzi wa ng'ambo hatauona. Ukiandika "Mimina unga wa pakiti kwenye chupa kisha uitikise," kitikiswe nini? Pakiti na chupa zote ni za ngeli ya I-ZI, na kiambishi -i- kinazipokea zote mbili. Rudia nomino: "kisha tikisa chupa." Kwenye insha, kurudia hivyo kungeonekana uzembe, lakini kwenye maelekezo ndiyo kazi yenyewe. Vivyo hivyo "meza kidonge kila saa 8": mmoja ataelewa mara tatu kwa siku, mwingine atameza mara moja, saa nane mchana. Andika "kila baada ya saa 8" na utaje mara ngapi kwa siku. Ukianza na amri kama "mimina" na "koroga", endelea nazo mpaka mwisho. Usichanganye na "umimine", "kumimina" na "inamiminwa" ndani ya orodha moja.

Kozi nyingi hudai ulijaribishe andiko kwa watumiaji. Tafuta watu 3 hadi 5 wasioijua kazi hiyo. Mpe kila mmoja karatasi na vifaa vyote, kisha nyamaza. Anaposita, anaporudi juu kusoma tena, anapokutazama usoni akitafuta msaada, andika namba ya hatua. Hapo ndipo penye kosa, na kosa ni la andiko. Usimuulize "umeelewa?" Atajibu ndiyo kwa adabu tu, hasa kama umemzidi umri au cheo. Usimchague mwenzako wa kazini anayeijua shughuli hiyo, maana ataruka hatua iliyokosekana bila kujua ameiruka. Kama kozi ni ya Kiingereza na watumiaji wako ni wa Kiswahili, mwombe mkufunzi mapema ruhusa ya kujaribisha toleo la Kiswahili na kuwasilisha yote mawili.

Upande wa zana, jifunze mitindo ya Word kabla ya wiki ya pili. Kichwa kilichokolezwa kwa mkono kinaonekana kichwa kwa macho tu. Kompyuta haikitambui, yaliyomo hayajitengenezi, na msomaji kipofu anayetumia programu ya kusomewa hawezi kuruka kutoka sehemu hadi sehemu. Namba za hatua nazo ziachie programu ijipangie, la sivyo ukiongeza hatua moja utasahihisha zote. Picha za simu punguza: moja inaweza kuwa MB 4, na kumi zikiingia kwenye faili mfumo wa chuo unaweza kuikataa usiku wa mwisho. Upana wa pikseli 1200 unatosha kwa karatasi ya A4. Kozi zinazolenga kampuni za programu zitakutaka ujue pia Markdown, njia ya kupanga maandishi kwa alama chache, na Git, programu ya kutunza matoleo ya faili. Markdown unaishika kwa jioni moja, Git itakusumbua zaidi.

Programu za akili mnemba zina sheria zake kwa kila kozi, na sheria hizo huandikwa kwenye muhtasari wa kozi unaopewa siku ya kwanza. Hata pale zinaporuhusiwa, zina tabia ya kubuni vitufe visivyokuwepo na hatua ambazo kifaa hakina. Fuata kila hatua kwa mikono yako ukiwa na kifaa chenyewe kabla ya kuiwasilisha.

Mwisho wa muhula utatakiwa kuwa na mkoba wa kazi, yaani maandiko matatu au manne yaliyosahihishwa. Kwa mwajiri, mkoba huo huwa na uzito kuliko alama. Weka rasimu ya kwanza na ya mwisho ya andiko moja ili ionekane ulichobadilisha baada ya majaribio. Andiko lililotokana na shughuli za ofisini kwako linahitaji ruhusa ya maandishi, na majina ya wateja, bei na picha za mifumo ya ndani yaondolewe. Pakua kila kitu, pamoja na maoni ya mkufunzi, kabla matokeo hayajatoka, kwa kuwa ukurasa wa kozi unaweza kufungwa muhula ukiisha na akaunti yako ikafungwa nao.