Kuchuja maneno katika nyimbo na vitabu vya zamani: maana yake

Kuchuja maneno ni kuondoa, kuziba au kubadili neno ambalo watu wa leo wanaliona ni tusi, huku kazi yenyewe ikiendelea kusikika au kusomwa. Si sawa na kupiga marufuku. Wimbo uliopigwa marufuku haupigwi kabisa. Uliochujwa unapigwa ukiwa na pengo.

Kwenye wimbo, fundi wa studio ama anaizima sauti ya mwimbaji, ama anaigeuza silabi iende kinyumenyume, ama anaweka ule mlio wa "tiii", ambao kwa kawaida ni wa hezi 1,000. Wimbo mpya hausumbui, kwa kuwa sauti na ala zimerekodiwa mbalimbali. Utepe wa zamani ndio kazi: gitaa, ngoma na mwimbaji vimeshikana, kwa hiyo ukikata neno, mdundo nao unadondoka. Siku hizi zipo programu za kutenganisha sauti na ala, ila mara nyingi mwangwi wa neno lenyewe unabaki.

Ushairi ni mgumu zaidi. Chukua "mshenzi", jina ambalo maandishi ya kale ya pwani yaliwapa watu wa bara. Lina mizani 3: m-she-nzi. Ukiweka "mtu wa bara", kipande cha mizani 8 kinakuwa cha 10. "Mkazi" linatosha kwa mizani, lakini kina cha -nzi kimekufa. Linaloenea kote kuwili ni "mpenzi", na hapo umeshatunga shairi jingine! Ukiacha nukta nukta, aliyezoea vina atalijaza mwenyewe.

Nyimbo za jando na unyago huku Mtwara na Lindi zina hesabu yake. Sehemu za siri hutajwa waziwazi kwa kuwa ndilo somo lenyewe. Mbele ya kungwi si matusi. Redioni saa sita mchana yanakuwa matusi. Ukirekodi, hifadhi kanda kamili, kisha tengeneza nakala ya hewani kando. Anayekata kwenye kanda ya pekee hajachuja, ameharibu.

Vitabu navyo vina mtego wake. Mjerumani Karl Weule alipita Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906, akarekodi nyimbo kwa fonografu, na kitabu chake kikatoka 1908. Kichwa chake cha Kijerumani kinawataja watu weusi kwa neno ambalo leo ni tusi. Kwenye kichwa cha tafsiri ya Kiingereza ya 1909 neno hilo halimo. Mtunza maktaba akilifuta kwenye orodha, msomaji hatakipata kitabu cha asili. Jina libaki lilivyo, chini yake iandikwe tanbihi. Na toleo lililochujwa liseme ukurasa wa mbele ni neno gani limebadilishwa, mara ngapi na mwaka gani, maana wanafunzi wawili wenye matoleo tofauti watabishana juu ya mstari ambao mmoja wao hana.