Je, mtafiti wa mionzi huirudisha nyumbani?

Hapa Kigoma, kijana akisema anataka kusomea uchafuzi wa mionzi kwenye udongo na maji, wazee wengi humzuia. Wanaamini mionzi huambukiza, na kwamba ataipeleka kwa mke na watoto. Hofu hiyo inatokana na upendo, na ina chembe ya ukweli.

Mionzi yenyewe haiambukizi. Aliyepigwa eksirei hatoki chumbani akitoa mionzi, kama vile aliyeota jua hang'ai gizani. Kinachoweza kubebwa ni vumbi lenye mada za mionzi, mfano siziamu-137, ambayo hupungua nusu kila baada ya miaka 30 hivi. Ndiyo maana mtafiti huvaa glavu, huacha ovaroli kazini, hunawa, kisha hujipima kwa kifaa. Na mionzi kidogo ipo kila mahali: hata ndizi tunazokula na migebuka zina potasiamu-40 ya asili.

Ukitaka kuhakikisha, muulize mpiga eksirei hospitalini kuhusu kipimo kidogo anachobandika kifuani. Kipimo hicho hutunza kumbukumbu ya dozi yake, yaani kiasi cha mionzi alichopata. Ukisoma habari za mionzi, tafuta kizio, yaani jina la kipimo linaloambatana na namba: bekereli hupima ukali wa chanzo, siverti athari mwilini. Habari isiyo na namba wala kizio mimi huiweka kando kwanza.