Je, wajua? Kijani kwenye sarafu ya fedha ya Kirumi si dalili ya ubandia

Sarafu ya kwanza ya Kirumi niliyoishika ilikuwa na madoa ya kijani, nikairudisha kwa muuzaji. Hoja yangu ilikuwa hii: fedha ikizeeka huwa nyeusi, kijani ni kutu ya shaba, basi hii ni shaba iliyovikwa fedha. Nilikosea, na wakusanyaji wengi wanaoanza hukosea papo hapo. Bandia za kuvikwa zilikuwepo kweli tangu enzi zile, na shaba yake hujitokeza pale ganda linapobanduka. Lakini kijani peke yake hakithibitishi ubandia, kwa sababu shaba iliingizwa kwenye fedha na dola ya Kirumi yenyewe.

Dinari, ile ile inayotajwa katika Injili, ilianza mnamo 211 K.K. ikiwa karibu fedha tupu. Kaisari Nero aliipunguzia fedha mwaka 64 B.K.; chini ya Kaisari wa baadaye, Septimius Severus, karibu nusu yake ilikuwa shaba. Hata hivyo, mpya iling'aa kama fedha safi. Kwa nini?

Fikiria ukuta wa udongo uliochanganywa na kokoto. Mvua ikiupiga misimu kadhaa, udongo wa juu huoshwa na kokoto hubaki zimetokeza. Mpita njia atasema ukuta ni wa mawe. Sarafu nayo ni hivyo: kipande cha mchanganyiko, kabla ya kupigwa chapa, kilipochomwa, shaba ya juu iliungua ikawa nyeusi. Kikitiwa katika maji yenye asidi, weusi huo uliyeyuka, fedha ikabaki na vitundu vitundu. Kisha nyundo ya kupigia chapa ikaigandamiza, kama sakafu inavyopigiliwa hadi ikaze. Ngozi ikawa fedha, ndani mchanganyiko. Unyevu wa ardhini ukipenya ngozi hiyo, shaba ya ndani huota kijani.

Maelezo haya yanazitosha dinari. Kwa sarafu za miaka ya 260, zilizokuwa na fedha kidogo mno, wataalamu bado wanabishana jinsi zilivyong'arishwa.

Ngozi hiyo iliwadanganya hata wapimaji wa karne ya 20: miale ya vipimo vyao iliishia juu juu, ikatoa viwango vya fedha vikubwa kuliko ukweli. Baadaye watafiti walitoboa tundu jembamba ubavuni mwa sarafu, wakatupa vumbi la kwanza, wakapima lililotoka ndani.